Pole kwa Mdogo Wako

Chuo kilipofungwa, Chiriku alirudi nyumbani na begi moja la nguo na simu yenye kioo kilichopasuka, akidhani anakuja kupumzika kidogo. Jina la Chiriku alipewa na mama yake, kwa sababu tangu utotoni mdomo wake haukuwa na breki. Sasa mdomo wenyewe ulikuwa ndani ya barakoa, na mama, aliyekuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, alilala peke yake sebuleni kwa kuogopa kumwambukiza binti. Walizungumza pazia likiwa katikati. Masomo ya hesabu yalikuja kwa simu: mhadhiri anaanza kueleza, sauti inakatika, na ikirudi jibu limeshapatikana na wenzake wanashukuru. Siku zilimchanganya hata akajiandaa kwenda sokoni siku ambayo soko limefungwa, tena si mara moja.

Ili asipate wazimu, alijiunga na vijana waliojitolea kuwapelekea vyakula na dawa wazee wasioruhusiwa kutoka. Kiongozi wao, muuguzi mstaafu mwenye maneno ya mkato, alimkabidhi nyumba ya mwisho wa mtaa, yenye mlango wa kijani. Humo, alisema muuguzi, anaishi bibi mmoja, hana mtu. Weka kikapu kizingitini, bisha, rudi nyuma, zungumza naye akiwa ndani. Usimzoee sana.

Chiriku alimzoea siku ya kwanza. Bibi alikuwa na sauti nyembamba yenye mkwaruzo, akamwita mjukuu wangu, akamsimulia habari za marehemu mumewe, fundi saa ambaye hakuwahi kufika popote kwa wakati. Chiriku alicheka njia nzima. Safari iliyofuata akataka kusikia zaidi.

"Fundi saa gani?" sauti ikauliza. "Mimi sijaolewa, na sijutii."

Basi ikawa ndiyo hali. Leo bibi anasema chumvi imekwisha, kesho anauliza ni nani kamtuma kumletea chumvi mtu mwenye presha. Leo anacheka mpaka anakohoa, kesho anatoa neno mojamoja kama anayekamuliwa. Chiriku alianza kujishuku mwenyewe. Labda zile siku alizozichanganya zilikuwa zinamchanganyia na maneno. Alimweleza mama kupitia pazia. Mama akasema uzee na upweke vikikutana, kichwa hupotea njia. Muuguzi alisema yaleyale, akaahidi kutafuta daktari.

Siku moja sauti ilikuwa ya upole kuliko kawaida. Chiriku aliuliza kama bibi hana hata ndugu wa kupigiana naye simu. Bibi akasema alikuwa na mdogo wake, lakini alikufa zamani. Chiriku aliondoka na neno hilo, likamkaa kifuani. Alipokwenda tena, kabla hata ya kuulizia dawa, alisogea karibu na mlango kuliko alivyoruhusiwa.

"Bibi, pole sana kwa mdogo wako aliyefariki."



"Nani kakwambia amekufa?"

"Si wewe mwenyewe, bibi? Juzi."

Alisikia kandambili zikiburuzwa kuondoka, kisha mlango wa ndani ukafungwa.

Kikapu cha siku ile hakikuchukuliwa. Safari iliyofuata alikikuta kimelowa mvua, mkate umekuwa uji. Alibisha mpaka vidole vikamuuma, akampigia muuguzi simu huku analia, akisema amemuua bibi wa watu kwa rambirambi. Muuguzi alifika na glavu na barakoa mbili usoni, akagonga kwa ngumi. Kitasa kikazunguka. Aliyefungua alikuwa bibi mwembamba aliyejifunga kitambaa puani. Nyuma yake, katika chumba kilichokuwa wazi, alilala bibi mwingine mwenye uso uleule, akihema kama aliyepanda kilima.

"Wewe ni nani?" muuguzi aliuliza. "Tuliambiwa anaishi peke yake."

"Mimi ni mdogo wake," alisema bibi, kwa sauti ambayo Chiriku aliijua vizuri. "Yule aliyekufa."

Gari la wagonjwa lilimchukua dada mtu. Mdogo alipimwa akaonekana mzima, akabaki jikoni, ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akieleza. Walikuwa wameishi humo miaka mingi, kila mtu na chumba chake, bila kusemeshana. Mlangoni alijibu yeyote aliyekuwa karibu, na kila mmoja alidhani binti anajua kuwa wapo wawili. Baada ya zile rambirambi yeye alijifungia chumbani kwa hasira, akatoka pale tu alipoona hatua za dada yake hazisikiki tena. Kuhusu ugomvi wenyewe, alisema dada ndiye aliyeanza, basi. Na kile chakula cha mtu mmoja? Dada alikigawa, akaacha nusu juu ya meza. Mkate alimwachia upande laini, maana mdogo hana magego.

Chiriku alijaribu kuyajumlisha, yakamshinda. Mtu anakuua mdomoni, halafu anakukatia mkate laini?

Wagonjwa hawakuruhusiwa kutembelewa. Mama, kwa kuwa alipita wodini kukusanya mashuka, akawa ndiye mleta habari. Mdogo alishinda akitafuta la kumwambia dada yake, na kila alipolipata alilitupa. Mwishowe alimtuma Chiriku aseme kwamba sasa analala chumbani kwa dada, kwa sababu chake kinavuja. Chiriku alichungulia dari ya chumba hicho. Ilikuwa kavu. Alipeleka ujumbe hivyohivyo ulivyo, na jibu likapita kwa mama na kwenye pazia: asiguse mto wangu. Mama alisema mgonjwa aliyasema hayo machozi yanamtoka. Lakini pia, mama akaongeza, wodi ile imejaa dawa za kusafishia, kila mtu anatokwa na machozi.

Dada alipona. Alirudi amekonda, muuguzi akamkalisha karibu na dirisha, akaenda zake kwa mgonjwa mwingine. Mdogo aliketi upande wa pili akitazama ukuta. Mlango uliachwa wazi hewa iingie, na Chiriku alisimama kizingitini na kikapu, safari hii cha watu wawili. Alingoja wakumbatiane. Alingoja hata salamu. Alipochoka kungoja, mdomo ukamponyoka, akamuuliza dada kwa nini alisema mdogo wake amekufa.

"Sikusema," alijibu dada, akimtazama Chiriku.

"Alisema," alisema mdogo, naye akimtazama Chiriku.

"Nilisema nilikuwa na mdogo."

"Ukasema nimekufa." Sasa hakuwa akimtazama Chiriku tena.

"Hukuja kukaa nami nilipomzika mume wangu. Ningesema nini?"

"Nilikuja. Nilikaa jikoni. Hukugeuka."

Yakaanza. Ya mazishi, ya shuka lililoazimwa, ya nani alivunja kioo cha bafuni. Sauti zilezile mbili zisizotofautiana, zikipandiana. Dada akashikwa na kikohozi. Mdogo akainuka, akamimina maji, akampa glasi mkononi, akaendelea kumlaumu kabla hajameza. Chiriku alitaka kumpigia muuguzi, kisha hakutaka. Aliweka kikapu chini, akarudi nyuma. Jirani alichungulia dirishani kwake akauliza kuna nini humo, wanapatana au wanauana.

"Sijui," alisema Chiriku.

Na kweli hakujua. Alikaa ukingoni mwa mtaro, barakoa imemlowa, akaamua kusubiri.