Mtalawanda Mmoja Kutoka Shimoni

Langrillo, upande ule wa ghuba ambako mvua haiombi ruhusa, mtoto hujua kupiga mpira wa gofu kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Si utajiri huo. Uwanja ni wa watu wa mjini. Wanakijiji waliwabebea mifuko ya fimbo, wakawakatia nyasi, na jioni maji ya bahari yakishajitenga na mchanga, wakachimba mashimo yao pwani wakacheza, fimbo moja watu sita.

Mchezo wa pwani ulikuwa na sheria zake. Kubwa kuliko zote ilikuwa hii: mpira ukisimama karibu na shimo, mahali pasipozidi urefu wa kiatu cha mbao, mmojawapo wa wakubwa hupaza sauti, "Mtalawanda!" Basi, umehesabiwa umeingia. Mwenyewe anauokota, watu wanasonga mbele, maana maji hayamngoji mtu. Ukibisha, aliyeita anavua mtalawanda wake anapima. Na watu wa Langrillo wana miguu! Marehemu Gandarillas wa kinuni alisahau wake uani, kuku akaatamia ndani na jogoo akapata pa kulala.

Celedonio Lavín alikulia kwenye sheria hiyo. Baba yake, Emeterio, alibeba mifuko ya matajiri mpaka bega la kulia likawa chini ya la kushoto, na hata leo akisimama wima utadhani anachungulia dirishani. Yeye ndiye aliyemfundisha mwanawe kuupiga mpira kwenye mchanga uliolowa, pasipo huruma kwa mpiga mbaya. Kijana akawa mchezaji wa kulipwa. Akashinda Ureno kwenye mvua, akashinda Uswidi kwenye baridi, na mara nyingi mno akawa wa pili, hata magazeti ya mjini yakaacha kuandika jina lake la ukoo. Lakini mashindano ya nyumbani, kwenye uwanja ule ule ambao baba yake aliukanyaga na mizigo ya wengine, hakuwahi kuyashinda.

Sasa umri ulikuwa umembana na mgongo unamlia kila asubuhi. Mwaka ule alicheza vibaya hadi nafasi yake miongoni mwa wachezaji wa kulipwa wa Ulaya ikabaki kwenye uzi. Akishinda Langrillo, ataendelea. Asiposhinda, inamngoja kazi ya kuwafundisha madaktari wa mjini jinsi ya kushika fimbo.

Siku ya mwisho akafika shimo la mwisho akiongoza kwa pigo moja. Aliyemfuata, ambaye alikuwa akicheza naye pamoja, ni kijana wa Cádiz aitwaye Lázaro Quintanilla, mwenye meno meupe na maneno mengi.

"Mzee Celedonio," Lázaro alikuwa akimwambia njiani, "huo mgongo ukikatika nikubebe au nikuburute?"

"Nibebe, mwanangu. Angalau leo utakuwa umebeba kitu."

Lázaro akamaliza kwanza. Celedonio akapiga wake kutoka mbali. Mpira ukateremka polepole, ukalichungulia shimo, ukasimama pembeni yake umbali wa shibiri. Mtoto mchanga angeusukuma ukaingia. Pigo moja dogo, na kombe ni lake.

Kijiji kizima kilikuwa nyuma ya kamba. Emeterio alikuwa mbele, ameshikwa mkono na Sindo mwenye baa. Kilichofuata hakuna aliyekipanga. Koo moja la Langrillo lilifunguka lenyewe:

"Mtalawanda!"

Wanasema shakwe waliokuwa wamekaa juu ya maji waliruka hadi ng'ambo ya ghuba. Hilo sibishani nalo. Ninachojua ni kwamba mkono wa Celedonio haukukiuliza kichwa chake. Uliinama, ukauokota mpira, kama ulivyofanya tangu utotoni.

Akasimama nao kiganjani. Hapo ndipo akili ilipomfikia.

Kwenye mashindano hakuna mtalawanda. Mpira huingia shimoni, la sivyo haujaingia. Na ukitaka kuuokota, unaweka kwanza sarafu nyuma yake. Ukisahau, unaurudisha na kuongezewa pigo. Pigo hilo lilikuwa ndilo kombe lenyewe.

Lakini sarafu ilikuwa pale pale mkononi mwake, kwenye vidole viwili vya pembeni. Lázaro alikuwa amegeuka anakunywa maji. Kamera ilikuwa imegeuziwa ng'ombe wa Benigna, aliyevunja uzio na kuja kujionea mwenyewe. Na mwamuzi, bibi mmoja mrefu kutoka Valladolid, alikuwa upande wa mgongo wake.

"Señor Lavín," akauliza, "umeweka alama?"

Wanakijiji wote waliona. Na wote wangeapa mbele ya watakatifu wawili wa jimbo kwamba waliona sarafu, tena wangetaja mwaka ulioandikwa juu yake. Celedonio aliwatazama. Akamwona baba yake amefumba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka.

"Sikuweka, mama. Nimeokota tu."

"Una hakika?"

"Mkono wangu huu. Nikiwa na hakika na kitu leo, ni hicho."

Lázaro aligeuka, chupa ingali mdomoni. Mpira ukarudishwa mahali pake. Celedonio akausukuma ukaingia, na sasa wawili wakawa sawa. Wakarudishwa kulicheza shimo lile upya. Lázaro alipiga mpira wake kutoka mbali ukaingia kana kwamba umeitwa. Wa Celedonio ukazunguka ukingo wa shimo, ukatoka nje.

"Nisamehe, mzee," Lázaro alisema walipopeana mikono.

"Nikusamehe kwa kupiga vizuri? Nenda kachukue kombe lako kabla sijabadilisha mawazo."

Jioni walikaa kwa Sindo. Palikuwa na ngisi wa kukaanga na mvinyo mweupe, na watu wanasema kwa sauti ya msibani. Emeterio hakugusa chakula. Alikuwa akikichokonoa kipande cha mkate, halafu akamvuta mwanawe karibu.

"Celedonio. Ile sauti."

"Sauti gani, baba?"

"Usinifanye mjinga. Neno lile lilikuwa kichwani mwangu, naapa. Lakini masikio yangu haya yamekufa, sijisikii ninaposema. Sijui nililisema moyoni au mdomoni. Kama ni mimi, niambie. Maisha yako yote nimekubebea mzigo, nisije nikawa mimi ndiye niliyekutwisha."

Celedonio, mtu aliyeshindwa kumdanganya mwamuzi kwa neno moja tu, alimtazama baba yake machoni bila kupepesa.

"Ulisema moyoni, baba. Mdomoni alikuwa Sindo."

Sindo alikuwa anapita na sahani. Mdomo wake ulikuwa umefungwa mchana kutwa kwa maumivu ya jino bovu, na kila aliyekuwa ndani ya baa alilijua hilo. Akasimama. Akamtazama Celedonio, akamtazama mzee, akatua sahani.

"Ni mimi, Emeterio," akasema. "Domo langu hili. Halina breki."

Mzee akanyanyuka, bega moja juu, bega moja chini, akampiga Sindo pajani kwa fimbo yake ya kutembelea.

"Pumbavu wewe! Punda wa baba yako alikuwa na akili kuliko wewe! Umemnyang'anya mwanangu kombe, halafu unatuletea ngisi?"

"Nimekosa, mzee wangu."

"Umekosa nini, wewe ni mkosi wenyewe! Sinywi tena kwako!"

"Ni haki yako."

"Hata tone!"

Sindo akamjazia bilauri mpaka ukingoni. Emeterio akaitazama, akamtazama mwanawe aliyekuwa ameinamia ngisi asionekane uso, kisha akainywa yote, kwa hasira, akaomba nyingine ili apate nguvu ya kuendelea kutukana.