Ukuta wa Damari

Hasira zilimpanda Damari tangu Jumapili, pale Sedekia aliporudi kutoka barazani akicheka, akamwambia mlangoni, "Tulia, shemeji. Nimekusemea."

Kumsemea! Kesi yenyewe ilihusu shamba la kahawa kilimani, juu ya Uyole, aliloachiwa na marehemu mumewe, Asukile. Anayelidai ni Sedekia huyo huyo, mdogo wa marehemu. Mwamuzi ni baba yao, na mila ya Wanyakyusa haina mchezo: mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, jina lake hatamki. Akisikia kikohozi chake njiani, anaingia migombani na kujifunika. Miaka yote ya ndoa Damari alimjua mzee kwa kikohozi tu. Basi barazani hakuweza kwenda, na aliyesimama kumsemea ni mwizi wake mwenyewe. Alisemaje? Kwamba shamba alilima Asukile peke yake, na mjane "alikuwa anapika tu."

"Jumamosi tata anakuja kuliona," Sedekia aliongeza, akimtaja baba yake. "Ujifiche vizuri."

Damari alitamani kumng'ata. Alichukua kikapu, akashuka bondeni kuchimba udongo.

Kilikuwa kiangazi cha mwaka 1956, wakati wanawake wanapokandika nyumba zao upya na kuzipamba kwa udongo wa rangi, kwa hiyo hakuna aliyemshangaa. Wenzake walichora mistari na pembetatu. Yeye alichora ramani. Alikuwa ameiona moja kule Mufindi alikochuma chai na mumewe, ukutani kwa msimamizi wa chai: barabara ni mstari mwekundu, na kandokando vijumba na miti midogo. Akaanzia kushoto mwa mlango, nyumbani kwa wazazi wake, akaivuta barabara hadi upande wa Iringa. Akachora mashamba ya chai, na yeye mwenyewe na kikapu mgongoni. Akachora kaburi dogo la mtoto wao wa kwanza. Likafuata lori lililowarudisha Mbeya, kisha kilima chenye msitu. Akamchora Asukile kwa masizi, amelala kitandani, maana kifua kilimlaza tangu walipofika. Aliyeshika jembe kilimani ni mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Kila mche wa kahawa, mwanamke ni yuleyule. Sedekia naye hakumnyima haki yake: alimchora mara moja, matangani, akitafuna nyama.

Jumamosi kikohozi kikasikika. Damari akaingia ndani, akasimama nyuma ya mlango. Mzee alikuja na wenzake wawili, Sedekia akiwatangulia kama mwenye nyumba. Shambani hawakufika. Mzee alisimama mbele ya ukuta, akaufuata mstari mwekundu kwa ncha ya fimbo yake.

"Huyu mwenye jembe ni nani?"

"Asukile, tata," Sedekia akajibu bila haya.

"Asukile alibeba mtoto mgongoni?"

Wazee wakaguna. Fimbo ikasogea. "Na huyu anayekula?"

Sedekia akapandisha sauti. "Tata, usitazame! Mwanamke huyu amejichora mbele ya macho yako. Kukutana naye ni nini, kama si huku? Amekuvunjia heshima!" Akanyakua mtungi uliokuwa kando ya mlango, akamwaga maji ukutani, akasugua kwa viganja vyote viwili. Mashamba ya chai yakachuruzika. Kaburi nalo likafutika.

Kaburi ndilo lililomtoa Damari. Alitoka bila kujifunika kitu, akajipenyeza kati ya Sedekia na ukuta, akasimama mbele ya baba mkwe wake kweupe. Mmoja wa wazee alipiga kelele utadhani nyumba inaungua.

"Ukuta umeumaliza," Damari alimwambia Sedekia. "Haya, nifute na mimi! Anza na mikono hii iliyopanda kahawa unayoitaka. Anza na tumbo lililomzaa huyo uliyemfuta sasa hivi. Si wewe unayenisemea? Nisemee basi, nimesimama hapa!"

Sedekia alikuwa na tope hadi kwenye viwiko.

Wazee walimshika mzee mkono. "Twende, ni mwiko huu, twende." Mzee akajinasua. Alivua koti lake kuukuu, akajifunika kichwa kizima, akaketi palepale chini, penye tope.

"Macho nimefunika," alisema kutoka ndani ya koti. "Masikio sikuyafunika. Mwanangu, shamba hili alilima nani?"

Hasira za Damari hazikuwa zimepungua hata chembe.

"Mimi," alisema, na akaanza kusema tangu Mufindi.