Sweta za Pikapu ya Murad Wali

Je, wewe umewahi kulivalisha gari sweta? Bibi Durdana wa Laspur, huko milimani, alilivalisha. Kwao baridi hupasua mitungi, na yeye akiona kitu kimekaa uchi, mikono humwasha. Basi kila mpira wa kupitishia hewa na maji kwenye injini ya gari la mumewe, Murad Wali, aliushonea mfuko wa sufu aliyoisokota mwenyewe, kahawia kwa nyeupe, akaufunga kwa mshono usiofunguka.

Ile pikapu ya dizeli, kuukuu, ndiyo iliyovusha viazi mlima wa Shandur. Mwaka huo ikaanza kukata pumzi. Ilitoa moshi mweusi kama tanuri, ikagoma njiani. Murad Wali akasema injini imekufa, ataiuza chuma chakavu.

Chakula kilimshinda Durdana. Ng'ambo ya mlima, Phander, ndiko alikoolewa dada yake Mahrukh. Miaka yote Durdana alitamani kupelekwa huko, akanyamaza, maana kila nafasi garini ilikuwa ya gunia. Sasa gari likiuzwa, amenyamazia nini?

Akaitwa fundi Safdar, rafiki wa nyumba. Hakukimbilia spana. Aliwasha injini, akafumba macho, akapitisha kiganja taratibu kama mkunga. Kikatua kwenye mpira mnene utokao kwenye tabo, lile konokono la chuma linalosukuma hewa ndani ya injini. Sweta yake ilikuwa imelowa mafuta.

"Injini ni nzima," akasema. "Kuna panapovuja hapa, ila sioni chini ya nguo."

"Hiyo haikatwi," Murad Wali akajibu. "Mafundi wangapi nimewakatalia. Kazi ya mke wangu hiyo."

"Haya. Litakufa limependeza."

Durdana akaingia ndani, akatoka na mkasi wa kunyolea kondoo. "Baba Shazia, sogea. Nilishona lipate joto, sikushona sanda."

Akazikata mwenyewe, moja baada ya nyingine. Mpira wa tabo ulikuwa umepasuka kama mdomo wa chura. Mingine ilikuwa imevimba kwa mafuta yaliyonaswa na sufu, imelainika kama mkate uliolowa chai.

Safdar aliibadilisha yote. Kila ncha ya chuma aliisugua mpaka ikang'aa, kila mpira mpya akauchungulia ndani usije ukawa na mchanga. Vibano alivikaza kidogo kidogo, huku na huku. "Ukikaza kwa hasira, shemeji, unaukata." Durdana, anayejua mkono mzuri akiuona, hakubandua macho.

Murad Wali akapakia viazi, akaijaribu pikapu kwenye mlima nyuma ya kijiji. Durdana alisikiliza akiwa juu ya paa. Sauti ilipanda nzito, bila kukatika, na moshi ulikuwa mwembamba kama mvuke wa chai.

Mumewe alirudi meno yote nje. "Gia ya tatu, mama Shazia. Ya tatu, na viazi juu. Kesho Phander. Nikuletee nini, sukari kama kawaida?"

"Usiniletee kitu," Durdana akasema. "Shusha gunia moja, nikae mimi. Nataka kumwona Mahrukh."