Gari Lililoachwa Getini

Kwenye vilima vya kusini mwa Missouri, ambako msitu ni wa serikali na kila mwenye leseni ana haki ya kuingia, wawindaji wa bata mzinga wangekwisha kutoana roho zamani kama si adabu. Adabu yenyewe ni moja, nyingine zote ni watoto wake: ukikuta gari limeegeshwa getini, pale njia inapoingia msituni, kilima kina mwenyewe. Unageuza kimya kimya na kutafuta kwingine, hata kama umekesha barabarani ukitokea jimbo la pili.

Clell Holsapple ndiye aliyewafundisha wengi adabu hiyo. Kila mwaka, theluji ikiisha, alisimama mbele ya wawindaji wapya katika ukumbi wa kanisa na kuwahubiria. Gari getini, geuza. Ukisikia mwenzio anamwita dume kwa kuiga mlio wa jike, kaa chini ufunge mdomo, usijipenyeze kati yake na ndege. Verna, mkewe, alikuwa nyuma akimimina kahawa, na kifua kilimjaa. Alijivunia mume wake, na si kila mke pale mjini aliyeweza kusema hivyo bila kuangalia chini.

Clell alikufa mwezi wa Januari, kwa maradhi ya mapafu. Siku zake za mwisho aliomba jambo moja tu. Juu ya kilima alichozoea kuwinda kulikuwa na dume zee la bata mzinga ambalo yeye na rafiki yake Dorsey Maupin walilibandika jina la Shemasi, kwa vile lilivyotembea kwa madaha, ndevu zikining'inia kifuani, likiwakagua majike.

"Mpate wewe, Verna," alisema. "Ila mpate kwa adabu."

Verna akaahidi. Baada ya mazishi Dorsey aliomba kumbukumbu yoyote ya marehemu, naye akampa kisanduku cha mwerezi ambacho Clell alikichonga mwenyewe. Ukikikwaruza kwa kifuniko chake kinalia kama jike la bata mzinga anayetafuta mwenzake. Kilikuwa na ufa ubavuni, kwa hiyo mlio wake wa mwisho ulikatika kila mara, kama mtu aliyepaliwa. Verna aliujua mlio huo kama alivyojua kikohozi cha mumewe.

Basi msimu ulipofunguliwa, alfajiri moja aliegesha pikapu ya Clell getini. Alikuwa bado anafunga kamba za viatu taa za gari jingine zilipotokea. Gari lilikuwa na namba za jimbo la Illinois. Mwenyewe alipoiona pikapu alipunguza mwendo, akainua vidole viwili juu ya usukani, akarudi nyuma taratibu na kwenda zake. Verna nusura alie. Alijiambia kwamba kazi ya Clell haikuwa imepotea.

Alipanda kilima, akaketi ameegemea mwaloni, bunduki ya marehemu magotini. Kulipoanza kupambazuka Shemasi aliguruma juu ya mti aliolala. Verna akamwita kwa mlio wa chini wa jike, akikwaruza kijiti juu ya kipande cha jiwe, kama Clell alivyomfundisha uani nyuma ya nyumba. Dume likajibu. Likatua, na baada ya muda akaliona likija katikati ya miti, mkia umefunuliwa, kichwa chekundu na cheupe. Lilikuwa bado mbali kidogo kwa risasi za marisau. Akainua bunduki, akasubiri.

Ndipo upande wa kijitoni jike mwingine akalia, na mlio wake wa mwisho ukakatika.

Kwa muda mfupi, na wala asingemsimulia mtu, alidhani ni Clell. Shemasi akasimama, akageuza shingo, akaondoka kuelekea ule mlio. Verna angeweza kupaza sauti. Hata Clell alifundisha kwamba mtu akikuingilia, sema kwa nguvu ajue upo. Lakini kupaza sauti ni kumfukuza ndege, na kuharibu windo la mwenzio, hata mwizi, hakukuwa tabia yake. Akakaa chini, akafunga mdomo. Kisha bunduki ikalia kule bondeni.

Alimkuta Dorsey amesimama juu ya Shemasi, mguu kwenye shingo ya ndege. Alipomwona, uso ulimshuka.

"Shemeji? Wewe ndiye ulikuwa unaita?"

"Ulinisikia."

"Haki ya Mungu nilidhani ni jike kweli. Unaita vizuri mno."

"Na gari getini, Dorsey? Hukuliona?"

"Nililiona nikipita. Ila nilijua umeliacha tu pale, hakuna mtu ndani. Si unajua, kama alivyokuwa akiliacha Clell."

Verna hakuelewa. Dorsey naye akaona kwamba hakuelewa, lakini maji yalikuwa yameshamwagika, na hayazoleki. Ikabidi aseme, macho yake yakiwa kwenye manyoya. Jioni Clell aliegesha pikapu getini na kuiacha ilale pale. Wageni wakifika alfajiri wanaiona, wanageuza. Wao wawili wanaingia kwa huku chini, kwa gari la Dorsey, wakati wowote wanaotaka, na kilima kizima ni chao.

"Kwa hiyo kila mtu hufanya hivyo?"

"Aa, ni sisi tu. Wote wakifanya, haifanyi kazi." Dorsey alijikuna shingo. "Wale wengine walikuwa wamefundishwa vizuri."

Verna alizikumbuka zile jioni zote. Simu inalia, Clell yuko getini, betri imekufa. Yeye anaacha sufuria ya maharage jikoni anakwenda kumchukua, njia nzima akimsema kwa uzembe wake. Krismasi moja alimnunulia betri mpya. Clell alimbusu shavuni, akasema hajapata kupewa zawadi bora. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Clell ilifika mpaka kaburini, na mkewe ndiye aliyekuwa dereva.

"Mchukue wewe," Dorsey alisema, akimsukumia ndege kwa ncha ya kiatu. "Mfunge mguuni lebo ya leseni yako. Nani atajua? Clell angefurahi."

"Najua angefurahi," alisema Verna. "Nipe kisanduku."

Dorsey akakitoa mfukoni, akampa. Verna akakichukua na kumwacha pale na Shemasi wake. Alimchukia Dorsey njia yote ya kuteremka, kwa sababu kumchukia Dorsey kulikuwa rahisi. Alipolifikia gari, akalikuta jina la Clell bado limeandikwa mlangoni, chuki ikamgeukia mwenye jina.

Jioni, jua likiwa bado juu ya miti, alirudi na pikapu mpaka getini. Aliiegesha palepale, akahakikisha taa zimezimwa, akafunga milango. Alimfikiria yule mtu wa Illinois, atakavyofika gizani na kuinua vidole viwili kukisalimu kiti kitupu. Aliona aibu, lakini aibu haikutosha kumzuia. Akampigia simu dada yake Oleta aje amchukue.

Oleta alifika akilalamika, aproni bado kiunoni.

"Kumezuka nini tena?"

Verna akaingia, akafunga mkanda, kisanduku cha mwerezi mapajani.

"Betri," alisema. "Imekufa."