Dume la Zahoro na Talaka ya Tatu

Zahoro alikuwa mtu wa kuapa kwa talaka. Wengine huapa kwa Mungu, wengine kwa kaburi la mama yao. Yeye aliapa kwa mke wake. Akibishana barazani juu ya jambo lolote utamsikia, "Kama si hivyo, Salme ameachika." Na sisi wa Majengo tulijua sheria. Neno hilo likishatoka limetoka, na mambo yakienda kinyume mwanamke ameachwa, hata kama wakati huo yuko jikoni anakuna nazi na hana habari.

Talaka ya kwanza ilimtoka kwa ajili ya mpira. Aliapa timu yake itashinda, ikafungwa, na Salme akaachika akiwa kwenye foleni ya bomba na debe lake kichwani. Ya pili ilihusu mvua. Sitanii. Aliapa haitanyesha siku ya arusi ya jirani, ikanyesha. Mara zote mbili alimrejea kabla ya eda kuisha, bila kumwuliza, akamwambia tu aingie apike. Ikabaki moja, na hiyo ya tatu haina marejeo.

Mimi naitwa Mgeni. Nilikuwa nauza mbaazi na mahamri mlangoni pa nyumba ile ile, chumba changu kikitazamana na chao, ua mmoja, choo kimoja. Sikumpenda Zahoro, na sitajifanya nilimpenda ili niwapendeze watu.

Kazi yake ilikuwa kunenepesha kondoo wa Idi ya kuchinja. Aliwanunua kwa Wamasai wakiwa mifupa mitupu, akawafungia bandani nyuma ya ua, akawalisha mpaka mgongo ukawa bapa. Alikuwa na kanuni yake ya chakula. Madume yalipata pumba, mahindi yaliyovunjwa na mashudu, yale mabaki ya mbegu za pamba zilizokwisha kukamuliwa mafuta. Majike yalipata maganda ya ndizi na majani ya viazi.

"Jike ukiipa chakula umetupa," alikuwa akisema. "Inakula, inalia, nyama haionekani."

Kanuni hiyo haikuishia bandani. Nyama ikipikwa, aliila yeye. Salme na binti yao Kadija, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto, walikula ugali na mchuzi uliobaki. Tena alikuwa na mchezo wake. Aliinua kipande cha nyama kwa vidole viwili, mama mtu akiwa amekaa pale pale, akamwuliza mtoto, "Kati ya baba na mama, unamtaka nani?" Mwanzoni Kadija alijibu mama, akala kofi. Salme mwenyewe ndiye aliyemfundisha jibu, nikiwasikia jikoni uani. "Akikuuliza, sema baba. Usifikiri, mwanangu, sema tu baba. Utapata nyama na hutapigwa." Mtoto alishika somo. Swali likiulizwa, "Baba," na kiganja kimeshafunguliwa. Zahoro alicheka mpaka akakohoa, na Salme akaendelea kukwangua ukoko wa sufuria.

Mwaka ninaousema ni ule uliofuata msako mkubwa wa jeshi la mkoloni, enzi za kafiyu, watu wakikatazwa kutembea usiku. Wanaume walirudi nyumbani mapema, na maneno yao yote yaliishia kwenye baraza yangu. Mmoja wao alikuwa Jumbe, mtu mpole aliyewahi kufanya kazi reli, naye alifuga kondoo mmoja kila mwaka. Huyo alimhasi angali mdogo, akamlea maksai. Zahoro hakuweza kulipita jambo hilo bila kulisema.

"Umeitoa uanaume halafu unangoja nyama?" alimwambia jioni moja. "Hiyo si kondoo, Jumbe. Hiyo ni mto wa kulalia."

"Maksai ametulia," Jumbe akasema. "Anakula, analala. Hana mawazo."

"Mimi dume yangu ina kila kitu Mungu ameipa. Sikia sasa, nyinyi wote mnisikie. Siku ya Idi tunachinja zote mbili, tunachuna, tunatundika kwa mizani. Dume yangu isipoishinda hiyo maksai yako kwa nyama, Salme ana talaka yake ya tatu."

Jumbe akamwambia, "Omba toba, Zahoro, usichezee hiyo kitu." Zahoro alikuwa anatabasamu, nami nikaelewa kwamba safari hii hakuropoka. Aliyelisha kondoo ni Salme. Zahoro alikuwa amempata mfanyakazi asiyeweza kulala kwa kuogopa talaka.

"Sasa atalisha sawasawa," aliniambia, akijichukulia hamri kwenye sinia langu bila kuuliza.

Na kweli Salme alilisha. Alikuwa na mama yake tu huko Machakos, mwanamke mkongwe mwenye kibanda na shamba dogo, na mwanzoni aliogopa kurudi huko ameachwa mara tatu watu wamcheke. Aliamka kwenye baridi ile ya Julai, akaloweka mashudu, akapepeta pumba, akaliosha dume miguu. Likajaa shingo, likajaa mapaja. Zahoro alileta wageni walipapase.

Kisha Kadija akaonekana bandani akiokota mahindi ndani ya hori. Njaa tu. Baba yake alimchapa kwa kamba ya dume lile lile, halafu akaitumia kamba hiyo kumfunga kiunoni kwenye mlingoti wa banda, mbele ya hori lililojaa, ili ajue chakula ni cha nani. Salme akakatazwa kumgusa. Mtoto alisimama pale akimtazama mnyama anatafuna, hata kulia aliacha. Niliporudi kutoka sokoni nikamfungua mimi. Zahoro akanitukana, nami nikamtukana matusi ambayo sijayarudia tangu siku ile, na siyajutii.

Kesho yake Salme alikuja kukaa nami tukichambua mbaazi. Alichambua kidogo, kisha akauliza, "Dada Mgeni, nikitoka hapa na mtoto, huyu atamtaka?"

"Zahoro? Amtake msichana?" nikasema. "Atashukuru amepunguziwa kinywa." Ndivyo nilivyoamini, na Majengo nzima ingekujibu hivyo hivyo.

"Basi hiyo talaka naitaka," akasema. "Mara mbili ameniacha na kunirejea bila kuniuliza. Sasa amejifunga mwenyewe."

Nikamwambia akipunguza chakula ataonekana, maana Zahoro alilipima hori kila asubuhi.

"Sipunguzi hata punje," akasema.

Alikuwa na majike mawili yake mwenyewe, aliyopewa na mama yake, yakiishi kule karibu na choo, yakila maganda. Siku hiyo aliyahamishia ubavuni mwa banda la dume, mbao tu katikati, mbao zenye nyufa za kupitisha pua. Hakufanya kingine. Dume likanusa. Likainua mdomo wa juu, likabaki limeukunja hivyo likitazama angani, kisha likaanza kutembea. Lilitembea kutoka pembe hadi pembe, likapiga mbao kwa kichwa, likarudi, likapiga tena. Hori lilijaa mashudu na dume halina habari nalo. Likila, linakula mara mbili tatu linakumbuka, linaacha. Salme alilijaza kwa wakati kila siku, na aliyoyakuta yamebaki aliyaondoa chini ya khanga na kumkaangia mwanawe mahindi. Wiki zile Kadija alishiba, nadhani kwa mara ya kwanza.

Lakini kelele za mbao zilisikika mpaka barazani. Jioni moja Zahoro aliinuka, akaenda kutazama, na wanaume wakamfuata. Nami nikafuata, mikono ina unga. Salme ndiye aliyetangulia kusema. Alisema kwa adabu, mbele yao wote.

"Baba Kadija, niyarudishe majike kule? Naona yanalisumbua dume."

Jumbe alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Alilitazama dume, akayatazama majike, akamtazama Salme. Mfugaji wa siku zote yule, alijua vizuri anachokiona. Akainamisha uso kwenye kikombe chake. Zahoro angesema ndiyo, mambo yangeishia pale. Lakini dume lilikuwa limepiga ubao mpaka ukapasuka, na wanaume walikuwa wanatazama.

"Wacha," akasema, kifua mbele. "Hiyo ndiyo dume. Jumbe, yako inaweza hivyo?"

"Haiwezi," Jumbe akasema.

Kwa mbali lilionekana lile lile, lenye pembe, shingo nene na manyoya yaliyosimama kwa baridi. Zahoro aliacha kulipapasa, maana alipenda zaidi kulitazama likipigana na mbao. Salme ndiye aliyetia mkono chini ya manyoya kila asubuhi, na akipita mlangoni pangu alikuwa akiniashiria kwa kichwa tu.

Siku ya Idi watu waliporudi kutoka kuswali, wakachinja. Maksai wa Jumbe alichunwa kwanza, na ngozi ilipotoka ilifuatwa na mafuta meupe kama samli iliyoganda, mgongo mzima, mpaka wake wa watu wakasifu kwa sauti. Kisha wakachuna dume. Ngozi ilipofika mbavuni, mchunaji alipunguza mwendo. Mbavu zilihesabika. Mapaja yalikuwa mekundu, magumu, membamba, mapaja ya mnyama aliyetembea safari ndefu bila kutoka bandani. Hakuna aliyesifu.

Abdurahim, mwenye bucha soko la Shauri Moyo, alikuwa ameleta mizani yake kubwa ya mkono, ile ya kupimia magunia, ikaning'inizwa kwenye boriti. Akatundika huku maksai, huku dume. Maksai akashuka akatulia. Zahoro akalishika dume lake mguu, kana kwamba analiweka vizuri.

"Toa mkono," Abdurahim akamwambia.

Akautoa. Dume likapanda tena juu, likabaki linazunguka taratibu.

Shehe wa msikiti wetu alikuwa kwenye mkeka na sinia la maini ya kukaanga mbele yake. Alinawa mikono kabla ya kusema. "Ya tatu imeanguka, Zahoro. Huyu si mkeo tena."

"Nilikuwa nafanya maskhara, shehe."

"Baraza nzima ilikusikia. Na mara mbili za kwanza ulisema hivyo hivyo."

Salme akatoka chumbani. Alikuwa amevaa buibui, furushi kichwani, Kadija mkono huu, na mkono huu kamba yenye majike mawili. Furaha niliyokuwa nayo siku ile siwezi kuieleza. Zahoro akalitazama furushi lile lililofungwa kabla ya mizani kusema. Akayatazama majike. Kisha akageuka kutazama banda na mbao zake zilizopasuka, na hapo nikamwona anaelewa. Nilingoja apige kelele. Hakupiga.

"Majike yako chukua," akasema kwa upole. "Zote mbili. Hii moja ni yangu." Akamshika Kadija bega.

"Wa nini?" Salme akasema. "Zahoro, hujawahi kumtaka huyu mtoto."

"Leo namtaka. Hizi kondoo zitalishwa na nani?"

Uani pakawa na kelele, mimi nikiwa wa kwanza. Shehe akainua mkono. Akasema mtoto huyu si mchanga, amekwisha kujua la kulia na la kushoto, na mtoto wa umri huo haburutwi. Huulizwa, na anayemchagua ndiye aendaye naye. Nilimwona Salme anashusha pumzi. Akatabasamu kabisa, mbele za watu. Nani hapo uani asiyejua ni nani aliyemlisha yule mtoto, aliyemwogesha, aliyemfunika mwili wake wakati wa viboko?

"Basi mwulize," Zahoro akasema, naye akatabasamu.

Shehe alikuwa mtu mwema. Akamvuta Kadija karibu na mkeka, akainama mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto, akamwuliza taratibu asimtishe.

"Kadija, kati ya baba na mama, unamtaka nani?"

Nililijua jibu kabla halijatoka. Salme pia, maana mdomo wake ulifunguka na furushi likaanguka. Alichelewa. Mtoto alikuwa amefundishwa asifikiri.

"Baba," Kadija akasema, na akafungua kiganja.

Zahoro akachukua kipande cha ini kwenye sinia, akakiweka mkononi mwake. Shehe akasema mtoto amechagua, na wanaume wakaitikia. Kadija akatia ini kinywani, na huku anatafuna akamgeukia mama yake kuona kama amejibu vizuri.