Kengele ya Dakika Themanini

Kitu cha bure kilimtia Bilhah wasiwasi tangu siku Nicholas, kijana wa kompyuta, alipokileta kwenye kiwanda cha chai, pale karibu na Kapsoit. Alikiita kompaila, programu ya kugeuza maandishi yake kuwa amri ambazo kompyuta inaweza kufuata. Ya zamani ilinunuliwa Nairobi. Hii mpya watu wa ng'ambo waliitengeneza wakaigawa tu.

"Inakubali mashine ya aina yoyote, mama. Na ni mbio!"

Bilhah akaguna. Nani huyo anayetoa jasho lake bure, na anataka nini?

Wiki mbili baadaye chai ikaanza kutoka mbichi. Bilhah ndiye aliyesimamia chumba cha kuchachushia: majani yaliyosagwa hukaa humo dakika themanini, kompyuta inapiga kengele, yeye anayatoa. Pua yake ilimwambia bado, lakini amri ya kiwanda ilikuwa kutii kengele. Meneja, Alexander, hakutaka habari za pua. Alisema Bilhah anayatoa mapema ili awahi nyumbani, na Ijumaa angempa barua ya kumwachisha kazi. Baada ya miaka kumi na minne!

Alhamisi akaazima saa ya mkono. Kengele ililia baada ya dakika thelathini na moja.

Akamwendea Nicholas akiwa amefura. "Umenichimbia shimo, sivyo? Unataka mashine ikalie kiti changu."

"Haki ya Mungu, mama, sijabadilisha hata neno moja!"

"Basi nisomee."

Akamsomea alichoandika mwenyewe mwaka 1993: hesabu toka moja hadi namba kubwa ajabu, usifanye kingine, kisha piga kengele. Hapo akaelewa. Huko kuhesabu, kulikochukua dakika themanini, ndiko kulikuwa kungoja. Na kompaila mpya, aliyoiamuru iharakishe kila kitu, ilikuwa imeharakisha hata kungoja.

"Hukuipima?"

"Niliona inakimbia, nikafurahi." Akashusha sauti. "Nitairekebisha sasa hivi. Hakuna mtu atajua."

"Na barua yangu?"

Wakaenda kwa meneja. Bilhah alimfuata Nicholas hatua kwa hatua, asije akapotelea njiani.

"Bwana meneja," Nicholas akaanza, "shida ilikuwa kompaila."

"Kompaila?" Alexander akaruka kitini. "Huyo ni wa shifti gani? Mlete hapa!"

Nicholas akajibu haraka. "Ameshaenda, sir."

Bilhah alijua tu angekwepa! Alexander akaivuta ile barua, akalikata jina la Bilhah kwa mstari mmoja. Bilhah angeweza kushukuru na kutoka. Lakini roho ilimuuma, akabaki amemkazia kijana macho.

"Jina lake lingine?" Alexander akauliza.

Bilhah akangoja uongo wa pili.

"Hakuna mtu kama huyo, sir," Nicholas akasema polepole. "Kompaila ni programu. Ni mimi niliiambia ikimbie."

Kalamu ya Alexander ilikuwa bado juu ya karatasi, na juu ya jina lililokatwa palikuwa na nafasi wazi ya jina jingine.