Kitufe Chini ya Dashibodi

Abiria aliposhuka, mjane aliyekuwa usukanini akazima injini. Wiki iliyopita asingethubutu. Teksi ile ilikuwa na ugonjwa wake: asubuhi inawaka vizuri tu kwa ufunguo, lakini injini ikishachemka, stata inalia "tk" na kunyamaza. Basi alikuwa akiiacha ingurume foleni nzima, na petroli ndiyo hiyo imepanda tena, au akiwaomba madereva wenzake wasukume. Nani atapanda teksi ya kusukumwa?

Mwishowe fundi umeme alimweleza kuwa waya wa swichi umechoka, moto wa betri haufiki wa kutosha kwenye stata. Akamvutia waya mnene kutoka kwenye betri, akafunga rilei, kile kiswichi cha kupitishia moto mwingi, na kitufe chini ya dashibodi. Unafungua swichi kwa ufunguo, unabonyeza kitufe, injini hiyo!

Leo, injini ikiwa bado ya moto, shemeji yake alikuja kuchukua hesabu, akakiona kitufe. Huyu ndiye aliyelichukua gari kabla kaburi la kaka yake halijakauka udongo, kisha akampa mjane aliendeshe, eti anamfadhili. Hana haya hata kidogo.

"Hiki nini?"

"Cha kuwashia, shemeji. Likipata moto lilikuwa linagoma."

"Gari lina ufunguo! Umejitengenezea njia ya kuniibia."

"Bila ufunguo hakifanyi kitu. Jaribu uone."

"Nijaribu nini? Lete ufunguo. Kesho nampa mwanamume aendeshe."

Watoto wanakula kwa usukani ule. Mjane akautoa ufunguo, akashuka.

Shemeji alizing'oa nyaya za kitufe kwa mkono, akaketi, akazungusha. Tk. Akazungusha tena. Tk.

"Sukumeni, mnatazama nini?" aliwafokea madereva.

Kisigino, mzee wa kituo, aliyeisukuma teksi ile kuliko mtu yeyote, aliinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala. Wengine wakageukia simu zao.

"Wewe basi, shemeji, sukuma! Si gari la mumeo hili?"

"Leo ndiyo la mume wangu?"

Mjane alifungua boneti, akaifungua rilei kwa spana yake, akaitia mfukoni. "Hii nimenunua mimi," alisema, akaenda kuketi ukingoni mwa barabara.

Shemeji alibaki garini akitokwa jasho. Injini ikapoa, kama mjane alivyojua itapoa. Teksi ikawaka kwa ufunguo, ikaondoka na mto wa mjane wa kukalia, uliobaki kwenye kiti. Lakini hakuna aliyeisukuma.